Uzi: Kupiga Windows na Linux maabara nzima bila flashi, tulikotoka na tulipofika

#1 FundiMaabara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu namna ya kupiga (kusakinisha) Windows kwenye kompyuta 32 za shule. Nimesoma majibu yote. Karibu kila mtu kamwambia anunue flashi tano, atafute wenzake wawili, wagawane mistari ya meza. Hakuna aliyemwambia kwamba kompyuta zile zinaweza kujipakia mfumo endeshi kupitia waya wa mtandao ambao tayari umechomekwa nyuma yake, na kwamba uwezo huo umo kwenye kadi zake tangu zitoke kiwandani. Imeniuma, maana na mimi nilipoteza miaka mitatu kwa njia hiyo hiyo ya kuzunguka meza.

Nilianza kazi kwenye maabara ya chuo kimoja Kanda ya Ziwa mwaka 2006. Kompyuta 40, CD moja ya Windows XP na nakala nne nilizochoma mwenyewe. Kila likizo kazi ya wiki nzima: ingiza CD, bonyeza F8 kukubali masharti, futa diski, subiri, andika ufunguo wa herufi 25, chagua saa ya Nairobi, subiri tena, kisha draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya sauti, draiva ya mtandao, Office, antivirus. Siku ya nne mtu umechoka, unaruka hatua. Mwisho wa wiki mashine ya 1 na mashine ya 40 ni vitu viwili tofauti, na wewe mwenyewe hukumbuki tofauti yake ni ipi.

Nataka nieleze zana za kazi hii zilivyokua tangu miaka ya 1980. Swali ninalolifuata ni moja: mashine ikifa leo, maelezo ya kuifufua yanakaa wapi? Kichwani mwa fundi? Ndani ya imeji ya diski, yaani nakala ya diski nzima iliyofungwa kwenye faili? Au kwenye faili la maandishi ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma? Kwa macho yangu, historia yote ya zana hizi ni safari ya hayo maelezo kutoka kichwani kwenda kwenye maandishi.

Nitaandika vipande vipande. Anayejua zaidi aongeze, nikikosea mnirekebishe.

#2 FundiMaabara

Kila kitu kilianzia kwenye mashine zisizo na diski.

Diski ilikuwa ghali miaka ya 1980, na Sun Microsystems ya Marekani iliuza kompyuta za kazi ambazo hazikuwa nayo kabisa. Ukiwasha mashine ya namna hiyo, haijui hata jina lake. Inachokijua ni anwani ya MAC tu, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya mtandao. Kwa hiyo inapaza sauti kwenye waya: mimi ndiye mwenye MAC hii, anayenifahamu anipe anwani ya IP. Itifaki ya RARP, ya mwaka 1984, ilijibu swali hilo peke yake. BOOTP ya 1985 ikaenda mbele: shika anwani yako, na faili la kuanzia liko kwenye seva fulani kwa jina fulani. Kulileta faili lenyewe ilikuwa kazi ya TFTP, iliyokuwepo tangu 1981. DHCP tunayoitumia kila siku ilizaliwa 1993 juu ya mgongo wa BOOTP, na ndiyo sababu hadi leo inapita kwenye milango (port) ile ile, namba 67 na 68.

Naomba nikae kidogo kwenye TFTP, kwa sababu bado inawatesa watu mwaka huu. Iliandikwa iwe ndogo kiasi cha kuenea ndani ya chipu ya kadi ya mtandao. Inatuma kipande cha baiti 512, inasimama, inasubiri jibu kwamba kimefika, ndipo itume kingine. Chukua mtandao ambao kwenda na kurudi ni milisekunde 1: unapata vipande 1,000 kwa sekunde, karibu nusu megabaiti. Hiyo inavumilika kwa faili dogo. Sasa chukua seva iliyo mkoa mwingine, kwenda na kurudi milisekunde 50: unapata vipande 20 kwa sekunde, yaani kilobaiti 10. Waya wako unaweza kuwa wa gigabiti na bado utapata kilobaiti 10, kwa sababu muda mwingi unaishia kwenye kusubiri. Tena namba ya kipande ina biti 16 tu, kwa hiyo kwa kawaida yake ya zamani faili linaishia kwenye megabaiti 32 hivi. Miaka ya 1990 iliongezwa ruhusa ya kukubaliana vipande vikubwa zaidi, lakini ile tabia ya kusimama na kusubiri ilibaki.

Ukiona seva ya kupakia mfumo imewekwa makao makuu na matawi yanalalamika, anzia hapo.

Sun hao hao mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaleta JumpStart kwa ajili ya Solaris, mfumo endeshi wao. Mashine ikiwa kwenye alama yake ya `ok`, unaandika `boot net - install`, unaondoka. Seva ina faili la kanuni: mashine ya aina hii ipate wasifu huu, ile ipate ule. Wasifu unasema diski ikatwe vipi na vifurushi gani vya programu viingie. Kuna skripti ya kabla na skripti ya baada. Muundo huo ndio huo huo mtauona kwenye Kickstart, kwenye Windows, kwenye kila kitu kilichofuata. Mimi nilipoujua nilikuwa tayari nina miaka mitatu ya CD.

#3 Ngosha_wa_Waya

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Hiyo hesabu ya milisekunde 50 imenifungua macho. Tulikuwa na tawi linachukua dakika arobaini kabla hata ya kuona nembo ya Windows, tukabadilisha swichi mara mbili, tukalaumu waya. Kumbe tatizo umbali!

Endelea.

#4 FundiMaabara

Ngosha, weka seva ndogo ya TFTP pale pale tawini, hata kompyuta ya zamani inatosha. Hiyo moja tu itamaliza.

Sasa tuje kwenye zama ambazo mafundi wengi wa umri wangu tunazijua kwa mikono: zama za Ghost.

Kompyuta za PC hazikuwa na akili ya Sun. BIOS yake, programu ya ubao mama inayoamsha mashine, ilijua diski na flopi. Mwaka 1995 Murray Haszard, mtu wa Auckland, New Zealand, kwenye kampuni ya Binary Research, aliandika programu iliyofanya jambo moja: inakili diski nzima ya mashine iliyokamilika na kuibandika kwenye nyingine. Badala ya kusakinisha mara 40, sakinisha mara moja kisha nakili. Symantec iliinunua kampuni mwaka 1998, na kutoka hapo jina Ghost likageuka kitenzi vinywani mwetu. "Umeghosti zote?" "Bado saba."

Pembeni ya hapo, Intel ikasukuma PXE. Toleo la 2.1 lilitoka Septemba 1999 na ndilo msingi hadi leo. Kimsingi PXE ni ile akili ya Sun kuingizwa kwenye kadi ya mtandao ya PC: uliza DHCP, pata jina la faili, livute kwa TFTP, liendeshe. Flopi ikawa haina kazi tena.

Halafu likaja suala la hesabu ya waya. Imeji ya GB 20 kwa mashine 40 ni GB 800. Kwenye swichi ya megabiti 100, ambayo kiuhalisia inapitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde, seva ikimhudumia kila mmoja peke yake ni kama saa 20. Multikasti inatuma mara moja na mashine zote 40 zinasikiliza kwa pamoja, kama watu 40 wanaosikiliza redio moja. GB 20 zinapita kwa nusu saa. Siku nilipoliona hilo kwa macho yangu, taa zote za swichi zikipepesa kwa mwendo mmoja, nilikaa kwenye kiti nikatazama hadi mwisho. Lilikuwa jambo zuri sana kuliona.

Angalizo: swichi isiyojua IGMP (itifaki ya kujua nani anasikiliza multikasti) itamwaga multikasti kwenye milango yote, hadi ofisi ya mhasibu, na mtandao mzima utasimama. Fanyeni usiku au tenganisheni maabara.

#5 BintiPwani

Assalaam aleikum ndugu zangu. FundiMaabara umeeleza vizuri, ila naomba usiziache zama za imeji zipite kama harusi. Zilikuwa na maradhi yake na mimi niliyaona.

La kwanza, draiva. Imeji ya XP uliyoitengeneza kwenye mashine ya kampuni moja ukiibandika kwenye mashine ya kampuni nyengine, unapata kioo cha buluu, 0x0000007B. Windows inaamka, haina draiva ya kidhibiti cha diski, haioni hata pale ilipolala. Tulikuwa na imeji tisa kwa aina tisa za kompyuta. Kila mwezi, viraka vya usalama vikitoka, uzifungue zote tisa, uzisasishe, uzifunge tena. Hakuna aliyekuwa akifanya. Imeji zilikuwa zinaoza kabatini.

La pili, utambulisho. Mashine zilizonakiliwa zinashiriki SID moja, yaani namba ya utambulisho wa Windows. Watu waliogopa sana jambo hili, wakawa wanatumia NewSID kuzibadilisha, mpaka Mark Russinovich aliyeiandika mwenyewe akaja mwaka 2009 kueleza kuwa hofu ile haikuwa na msingi kama tulivyodhani, na akaiondoa zana yake. Lakini Sysprep, zana ya Microsoft ya kuandaa Windows kabla ya kunakiliwa, ilibaki kuwa lazima, kwani kuna mambo mengine mengi ya utambulisho inayoyasafisha, na Microsoft hawakubali imeji isiyopitia hapo.

La tatu ndilo kubwa kwangu. Imeji haisomeki. Mimi nilirithi seva yenye faili liitwalo FINAL_mpya2.gho. Aliyelitengeneza ameshahama. Ndani mna nini? Nani aliweka programu ile ya ajabu inayoanza kila asubuhi? Hujui. Unaibandika tu na kuomba Mungu.

#6 FundiMaabara

Wa aleikum salaam dada. Umelisema kuliko nilivyotaka kulisema mimi. Hilo la tatu ndilo swali langu la mwanzo: maelezo yametoka kichwani mwa fundi, yakaingia kwenye boksi lililofungwa.

Wenzetu wa Linux walikuwa wameshaanza njia nyingine muda huo huo wa miaka ya 1990. Red Hat walikuwa na Kickstart: faili la maandishi linalojibu kila swali ambalo kisakinishi kingekuuliza. Lugha, saa, diski, nenosiri la mkuu wa mashine, orodha ya vifurushi chini ya `%packages`, na amri za mwisho chini ya `%post`. Jambo ninalolipenda zaidi: ukisakinisha Red Hat au ndugu zake kwa mkono, ukimaliza utakuta faili la `anaconda-ks.cfg` kwenye folda ya root. Kisakinishi kimekuandikia majibu yako. Unalichukua, unarekebisha mistari mitatu, mashine ya pili unaifanya bila kugusa kibodi.

Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, Thomas Lange alianza FAI mwaka 1999 kwa ajili ya Debian, aina nyingine ya Linux. Ina wazo la madaraja: mashine hii ni ya daraja la maabara, na la seva ya faili, na la kadi fulani ya picha, kila daraja linachangia sehemu yake. Debian yenyewe ikapata preseed, faili lake la majibu, kwenye toleo la Sarge la 2005. SUSE wana AutoYaST. Sitazipitia zote, zinafanana.

Microsoft nao hawakukaa. Faili la majibu walikuwa nalo zamani, `unattend.txt`. Windows 2000 Server ikaja na RIS, huduma ya kusakinisha kupitia mtandao, iliyotumia PXE. Lakini mageuzi ya kweli kwa upande wao ni Vista. Najua Vista ilisemwa vibaya na watumiaji, ila kwa fundi wa maabara ilikuwa neema: imeji ya WIM inayohifadhi mafaili badala ya sekta za diski, kwa hiyo unaweza kuifungua na kuongeza draiva bila kuwasha mashine, faili moja lililorudiwa mara kumi linahifadhiwa mara moja, imeji moja inafaa mashine za kampuni tofauti, na majibu yakahamia kwenye XML. WDS ikachukua nafasi ya RIS, MDT ikapangilia hatua. Zile imeji tisa za dada BintiPwani zingekuwa moja, na folda ya draiva pembeni.

#7 KijanaWaSeva

Salamu kutoka Nairobi wakuu. Thread iko sawa kabisa, lakini naona mmeegemea sana maabara. Wacha niongeze upande wa seva.

Mtu anaitwa Michael DeHaan alikuwa Red Hat, akaandika Cobbler. Ilikuwa inashikanisha vitu ambavyo vilikuwa vinasumbua kila mmoja kivyake: DHCP, DNS, TFTP, Kickstart, na maktaba ya vifurushi. Unasajili MAC ya mashine, unaichagulia wasifu, basi. Huyo huyo DeHaan mwaka 2012 akatoa Ansible, zana ya kupanga mashine nyingi kwa kufuata faili la maandishi. Mimi huona hizo zana mbili ni wazo moja linalokua: Cobbler inaleta mashine hadi iamke, Ansible inaendelea kutoka hapo. Kabla yake kulikuwa na CFEngine ya Mark Burgess, Oslo, 1993, na Puppet ya 2005. Canonical, wenye Ubuntu, nao walileta MAAS 2012, ambayo huwasha na kuzima seva kupitia kidhibiti chake cha ndani, kuipima, kuipakia na kukukabidhi kama vile umekodisha kwa wingu.

Lakini hapa ndipo napingana na FundiMaabara kidogo. Unasema safari ni kutoka imeji kwenda maandishi. Mbona wingu limerudi kwa imeji? Ukiwasha mashine kwa AWS, wingu la Amazon, hakuna kisakinishi kinachoendeshwa. Ni imeji iliyo tayari, inaamka kwa sekunde kadhaa, halafu cloud-init inasoma maelekezo mafupi: jina, ufunguo wa SSH (wa kuingia kwa mbali), vifurushi viwili vitatu. Kisakinishi kimekufa kwa wingu. Kwa hivyo nani alishinda?

#8 FundiMaabara

KijanaWaSeva, hoja yako ni nzito na nimeifikiria tangu mchana.

Ni kweli imeji imerudi. Ila angalia imezaliwaje. Ile ya `FINAL_mpya2.gho` ilitengenezwa na mkono wa mtu aliyebofya kwa siku mbili. Imeji ya leo inapikwa na zana kama Packer, ya mwaka 2013, ambayo nayo inasoma faili la maandishi, inawasha mashine ya kubuni (virtual machine), inaipa Kickstart au autoinstall (faili la majibu la Ubuntu), inaendesha Ansible, inafunga, inatoa imeji. Kesho viraka vikitoka unaitupa hiyo na kupika nyingine kwa maelezo yale yale. Kinachotunzwa ni maandishi. Imeji imekuwa kama mkate: unauoka leo, unaliwa, na karatasi ya vipimo inabaki jikoni.

Kwa hiyo nakubali nilivyosema mwanzo kulikuwa na haraka. Imeji haikushindwa. Kilichoondoka ni imeji isiyo na karatasi.

#9 Mwl_Kompyuta

Habari wakuu. Ndiye mimi niliyeuliza ule uzi wa kompyuta 32. Nimesoma yote hapa mara mbili, ahsanteni sana.

Nimepata kompyuta moja ya zamani, nimeweka Debian na FOG, programu ya kugawa imeji kwa mtandao. Imeji ya Windows nimeshaitengeneza kwenye mashine moja na kupitisha Sysprep. Lakini nikiwasha mashine nyingine kwa mtandao zinaniandikia PXE-E53: No boot filename received. Nimebadilisha waya, hali ile ile. Ruta ya shule inatoa IP na sina nenosiri lake, aliyeifunga alikuwa mtu wa nje.

#10 FundiMaabara

Mwalimu, karibu sana, na hongera kwa kufika hapo. FOG ni chaguo sahihi. Ilianza 2007 na ni bure.

Waya wako ni mzima. Zisome hizo namba hivi: E61 ndiyo ya waya au kadi. E51 maana yake hakuna DHCP aliyejibu. E53, yako, maana yake DHCP amejibu na kutoa IP, ila hakutaja faili la kupakia. E32 maana yake jina la faili limepatikana lakini seva ya TFTP haijibu, mara nyingi ni ukuta wa moto (firewall). Kwa hiyo ruta inafanya kazi yake, inakosekana sauti ya pili ya kutaja faili.

Huhitaji nenosiri la ruta. PXE inaruhusu seva ya pembeni isiyogawa IP, inayoongeza jina la faili tu. Weka dnsmasq, programu ndogo ya DHCP na DNS, kwenye hiyo Debian, kisha faili la mipangilio liwe hivi, ukibadilisha namba ziendane na mtandao wenu:

```
port=0
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
pxe-service=x86PC,"Maabara BIOS",undionly.kpxe,192.168.1.10
pxe-service=X86-64_EFI,"Maabara UEFI",ipxe.efi,192.168.1.10
```

Mstari wa kwanza unazima DNS yake. Wa pili unasema mimi si mgawaji, ni msaidizi. Miwili ya mwisho inatofautisha mashine: kila moja ikiuliza inataja aina yake, za BIOS ya zamani zinapewa faili moja na za UEFI, mrithi wa BIOS, jingine. Ukimpa UEFI faili la BIOS itakwama bila maelezo yoyote.

Zile za UEFI zima Secure Boot (ulinzi unaokubali mafaili yenye saini tu) kwanza, la sivyo zitalikataa faili. Na kama swichi yenu ina spanning tree (kinga ya waya kujizungusha), mlango unachukua sekunde 30 kufunguka baada ya mashine kuwaka. Baadhi ya kadi huchoka kusubiri. Washa portfast, inayofungua mlango mara moja, kwenye milango ya maabara.

Jambo la leseni pia: leseni inayokuja na kompyuta dukani haikupi haki ya kunakili imeji. Haki hiyo iko kwenye leseni ya jumla. Muulize mkuu wa shule kabla hamjaanza.

#11 BintiPwani

Mwalimu, na mimi naongeza moja, tafadhali usilipuuze. Mashine zikishamaliza, hakikisha mpangilio wa kuanza kwa mtandao hauwezi kufuta diski wenyewe bila mtu kuthibitisha. Mei 2014 Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, maelekezo ya kupakia Windows 7 yalitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows za chuo, za mezani, za mkononi, hadi seva. Seva iliyokuwa inatoa maelekezo hayo nayo ilijifuta. Zana hii ina nguvu ya kujenga maabara nzima kwa nusu saa, na ina nguvu ile ile ya kuibomoa. FOG inakutaka uagize kazi kwa mashine uliyoichagua; usiibadilishe tabia hiyo.

#12 Ngosha_wa_Waya

Swali wakuu. Ofisini wametuambia mambo ya imeji yameisha, tuhamie Autopilot. Hii nayo inakaa wapi kwenye historia yenu?

#13 FundiMaabara

Autopilot ya Microsoft ilitoka 2017. Wazo lake: mashine inakuja na Windows ya kiwandani, usiifute. Alama yake ya kipekee imesajiliwa kwenye akaunti ya taasisi, mtumiaji anaiwasha nyumbani kwake, anaingiza barua pepe ya kazi, na sera pamoja na programu zinashuka zenyewe kutoka intaneti. Apple wamekwenda njia hiyo hiyo. Mac zenye chipu ya T2 hazikubali tena kuanza kupitia seva ya mtandao. Na tangu Windows 11, Microsoft wameziba ile njia rahisi ya kutumia boot.wim ya diski ya usakinishaji moja kwa moja kwenye WDS.

Kwa ofisi yenye laptopu 200 zilizotawanyika na intaneti nzuri, ni kazi safi, sina ubishi. Lakini lazima tuliseme hili kwa uwazi: njia hiyo imehamisha mzigo kutoka waya wa ndani kwenda waya wa nje. Office na programu chache zinafika GB kadhaa kwa kila mashine. Kuna namna ya mashine kugawiana vipande zenyewe kwa zenyewe, iwasheni, inasaidia. Hata hivyo shule ya Mwalimu yenye ruta ya laini ya simu na bando la mwezi haiwezi, na isilaumiwe kwa kutoweza. Swichi ya megabiti 100 na kompyuta ya zamani kama seva, zinafanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika wiki nzima. Ninatamani wanaoandika zana mpya wakumbuke mtandao wa namna hii upo, na una watoto wanaojifunza juu yake.

Kingine, Julai 19, 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mashine milioni 8.5 za Windows. Hazikuweza kuamka, kwa hiyo maelekezo ya wingu hayakuzifikia. Microsoft walitoa zana ya uokoaji ya flashi, na baadaye wakaongeza njia ya PXE. Usiitupe seva yako ya PXE, Ngosha.

#14 KijanaWaSeva

Kwa Linux pia kuna mabadiliko mtu anafaa kujua asije akapotea kwa mafunzo ya zamani: Ubuntu Server tangu 20.04 haitumii preseed tena, inatumia autoinstall ya YAML. Na wale wa mashine mpya, UEFI tangu toleo la 2.5 la 2015 inaweza kupakia kwa HTTP moja kwa moja bila TFTP. iPXE, ile PXE iliyoboreshwa ya programu huria, pia inafanya hivyo. Zile milisekunde 50 za Ngosha zinapungua makali sana, sababu HTTP haisimami kila baiti 512.

#15 Mwl_Kompyuta

Wakuu, nimerudi.

Ile mistari minne imefanya kazi mara ya kwanza. Jumamosi asubuhi niliwasha 32, nikaagiza multikasti. Moja ilichelewa kuamka na zote zikaisubiri, nikaona nimeharibu, kumbe ndivyo inavyofanya. Baada ya hapo zikaenda kwa pamoja. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walikuwepo, waliuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kujibu, nimewaonyesha uzi huu.

Mashine 30 zimekamilika. Mbili kila zikizimwa zinasahau mpangilio wa kuanza, na tarehe yake inarudi mwaka 2015.

#16 FundiMaabara

Betri ya ubao mama, CR2032, ile ya duara. Fungua, toa, weka mpya, panga upya tarehe na mpangilio wa kuanza. Tarehe isiporekebishwa hata tovuti za https zitakataa kufunguka.

Na faili la dnsmasq pamoja na hatua zako za Sysprep umeziandika mahali?

#17 Mwl_Kompyuta

Nimeziandika zote, na tarehe. Nakala moja iko kwenye seva, nyingine kwenye barua pepe ya shule, na moja nimeichapa nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi. Betri nimezinunua mjini leo, kesho nafungua zile mbili.